Ami Akisema Kaa

Bamvua moja, maji yamekupwa mbali, alikuja kwetu Chwaka dada wa chuo kuhesabu kaa. Ami yangu akawa wa kumwonyesha njia, mimi karani: nashika daftari na fremu ya bomba, mita 1 kila upande. Naitupa chini, tunahesabu kilichomo. Malipo mazuri, nikajiona nimeula.

Mchangani hakukuwa na tabu. Kaa wa pale wana mbio, fremu ikitua wameshazama, kwa hiyo tukahesabu mashimo. Kwenye majani ya bahari tukakuta makombe ya konokono yanatembea, ndani kaa mpangaji, na vitoto vya kamba vinaruka ukigusa tu jani. Dada anataja, mimi naandika. Nikaanza kujiita mtaalamu.

Tukaingia mikokoni. Tope la mle halina adabu: kiatu cha kwanza kilibaki hatua ya tatu, cha pili kikamfuata mwenzake. Pembeni vile vikaa vidume vyenye gando moja kubwa vinanipungia. Dada akasema vinaita majike. Ami akasema, "Wapi! Vinamuaga huyu."

Nimeinama nachomoa mguu, nyuma yangu Ami akapiga ukelele: "Kaa!"

Sasa mimi nimelelewa na Ami. Akisema kaa, unakaa. Nikakaa.

Alikuwa kaa koko, mlangoni kwake, na gando nene la kuvunjia makombe. Likabana suruali na vilivyomo. Nikaruka, tope likanirudisha palepale.

"Usimvute! Tulia, ataachia mwenyewe!"

"Ami, nitulie vipi?"

Dada naye, Mungu amsamehe, anauliza ni dume au jike.

Nikamvuta. Kaa akiona maji yamezidi unga hulikata gando akaenda zake, lingine litaota akijivua gamba (hawa ndio wanaojivua gamba kweli, si maneno ya majukwaani). Basi mwenyewe akatokomea shimoni, gando likabaki nyuma yangu linaning'inia, bado limeuma.

Tukapita kijijini hivyohivyo, Ami mbele akiwakataza watu kucheka, hata wale ambao hawakuwa wameniona.

Usiku tulilichemsha lile gando, tukalitia ndimu. Tamu sana. Nililila nimesimama.