Magenge ya Utaridi hayakuchimbwa na lava

Makala moja inaeleza kuwa magenge marefu ya miamba yanayoonekana katika picha za sayari ya Utaridi ni “ugunduzi mpya”, na kwamba ni kingo za mabonde yaliyochimbwa na lava. Kwa mengi ya magenge hayo, maelezo haya hayasimami. Picha za MESSENGER, chombo kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi 2015, zinaonyesha genge likikatiza kreta (shimo la mgongano wa kimondo) ya zamani, sakafu ya upande mmoja ikiwa imesukumwa juu ya mwingine, jambo ambalo lava haiwezi kulifanya. Utaridi ilisinyaa kadiri ilivyopoa ndani, nusu kipenyo chake kikapungua kwa kilomita kadhaa, na gamba lake la nje, ambalo halikugawanyika katika mabamba yanayosogea kama la Dunia, likavunjika na kupandana. (Chombo cha Mariner 10 kilikwisha kuyapiga picha magenge hayo mwaka 1974, hivyo huo “ugunduzi mpya” ni wa zamani.)