Gumba Likishasema, Jeni Iongeze Nini?

Anza na gumba la mtoto. Kucha ni fupi, nyembamba, pengine imepasuka katikati au haipo kabisa. Kidole cha shahada kina nafuu kidogo, na ukifika cha mwisho unakuta kucha ya kawaida tu. Kile kinusu-mwezi cheupe kwenye shina la kucha kina ncha, kama pembetatu. Mwambie anyooshe mkono, kiwiko kinagoma njiani. Papasa goti: pia yake, kile kifupa cha mbele, ni ndogo, imehamia pembeni, au haimo.

Huo ni ugonjwa wa kucha na pia ya goti, unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 50,000. Chanzo ni hitilafu ya jeni LMX1B, iliyofahamika mwaka 1998. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Swali linalowagawa watu ni hili: mtoto apimwe jeni, au macho ya daktari yanatosha?

Wanaotaka kipimo hawasemi ovyo. Jeni hiyohiyo ina kazi kwenye vichujio vya figo na ndani ya jicho. Mtu anaweza kupoteza protini kwenye mkojo miaka na miaka bila kuumwa popote, na takriban wagonjwa 5 kati ya 100 figo zao hufeli kabisa. Presha ya macho nayo huwajia mapema kuliko wengine, kimyakimya. Isitoshe, kuna ambao hitilafu imeanzia kwao. Ukiuliza tu habari za ukoo utaambiwa hakuna mwenye tatizo, na ni kweli.

Wasiokitaka wanauliza: kitatuambia nini? Ukali wa ugonjwa hakiutabiri. Baba na mwanawe wana hitilafu ileile, mmoja anaishia kwenye kucha mbaya, mwingine anapata ugonjwa wa figo. Halafu kuna vile vijipembe vya mfupa nyuma ya nyonga, alivyovieleza daktari aitwaye Fong mwaka 1946. Haviumi, havihitaji tiba, mwenye navyo anaweza kuzeeka asijue. Lakini huonekana kwenye eksirei za takriban wagonjwa 7 kati ya 10, na ni kama muhuri wa ugonjwa huu. Ukishaviona, pamoja na gumba lile, jibu unalo mkononi.

Mimi naegemea huku kwa wasiokitaka, ingawa si moja kwa moja. Pale dalili zinapojificha, au wazazi wanapotaka kujua kabla ya mimba nyingine, sioni mbadala wa kipimo cha jeni. Ila nacho kina mwanya: kuna wachache wenye dalili zote ambao maabara haiwapati na hitilafu yoyote, na hao ndio ninaowahofia, kwa sababu karatasi iliyoandikwa "hakuna" huwapumzisha watu wasiostahili kupumzika.

Kinachonikera ni foleni kupangwa kinyume. Familia inasubiri majibu ya jeni, na wakati wote huo hakuna aliyechovya kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo wa mtoto wala kumpima presha ya damu, mambo yanayotakiwa kila mwaka, jibu la jeni liwepo lisiwepo. Kipimo cha presha ya macho kinaweza kungoja hadi mtoto aweze kutulia mbele ya mashine. Kikombe cha mkojo hakina cha kungojea.