Kizingiti cha Uchaguzi: Utulivu wa Bunge kwa Kura za Nani?

Novemba 2002 Uturuki ilichagua bunge kwa mfumo wa uwakilishi wa uwiano, ule unaogawa viti kwa kufuata wingi wa kura za kila chama. Chama cha AKP kikapata asilimia 34 ya kura na viti 363 kati ya 550, karibu theluthi mbili ya bunge. Sheria ilitaka chama kifikishe asilimia 10 ya kura za nchi nzima ndipo kiingie kwenye mgao; hicho ndicho kizingiti, na vyama viwili tu ndivyo vilivyokifikia. Chama cha DYP kiliishia asilimia 9.5, kikatoka mikono mitupu. Takriban asilimia 45 ya kura, zote halali, hazikumpeleka mtu bungeni.

Wanaotetea kizingiti wana hoja nzito. Vyama vidogo vikijazana, chenye wabunge watatu kinaweza kuiyumbisha serikali nzima. Uholanzi, ambako asilimia 0.67 tu inatosha kupata kiti, vyama 17 viliingia bungeni mwaka 2021, na serikali mpya ikapatikana baada ya siku 299. Ujerumani nayo iliweka asilimia 5 kwa kukumbuka bunge la Weimar, yaani la Ujerumani ya kabla ya Hitler, lilivyosambaratika.

Hoja hiyo ya Weimar, kwa maoni yangu, hupewa uzito usiostahili. Mwaka 1928 Wanazi, chama cha Hitler, walipata asilimia 2.6, kwa hiyo kizingiti kingewafungia nje, ni kweli. Miaka miwili baadaye walipata 18.3. Hapo kingewazuia nini? Na Waholanzi, pamoja na kusubiri kote kule, nchi yao haikusambaratika.

Tazama sasa Ujerumani yenyewe. Februari 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98, kura zaidi ya milioni 2.4, kikapungukiwa kura takriban 9,500 tu kuingia bungeni. Kingevuka na kupata mgao wa viti, vyama vya CDU/CSU na SPD, wenye viti 328 kati ya 630, wasingekuwa na wingi wa kuunda serikali wawili peke yao. Kura chache kuliko watu wa mji mdogo zikaamua nani atawale. Kumbe mwaka 2021 chama cha Die Linke walipata 4.9 na bado wakaingia na wabunge 39, kwa sababu walishinda majimbo matatu na sheria inawaruhusu. Sioni namna ya kumweleza mpiga kura wa BSW kwamba huo ni uwiano.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye matokeo: mtu anayekiacha chama anachokiamini kwa kuogopa kwamba kura yake itakwenda bure. Wakurdi wa Uturuki walilikwepa hilo mwaka 2007 kwa kusimamisha wagombea binafsi, ambao kizingiti hakikuwagusa. Mwaka 2022 Uturuki ilishusha kiwango hadi asilimia 7, ambacho bado ni kikubwa mno.

Mimi ningebakiza kizingiti, lakini cha asilimia 3, na ningempa mpiga kura chaguo la pili: chama chake kikianguka, kura ihamie huko. Wapo wanaosema hilo litachelewesha matokeo na kuwachanganya wapiga kura. Kuchelewa kupo, maana machaguo ya pili hayawezi kuhesabiwa kabla ya kujulikana nani ameanguka. Siku mbili za kusubiri ni gharama ndogo kwa kura milioni 2.4.