Paa la tembe na ubongo wa mzee

Ugogoni, paa la tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, likivuja, ubishi huzuka pale pale. Mwenye nyumba atasema ni uzee wa nyumba. Jirani atasema nyufa zilionekana tangu Agosti na hakuna aliyepanda juu na udongo kabla ya mvua za Desemba. Wanaochunguza ubongo wa wazee wana ubishi kama huo.

Ubongo nao una paa: kizuizi kati yake na damu. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alitia rangi kwenye damu ya wanyama. Viungo vikakolea, ubongo haukubadilika. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akatia rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukakolea, mwili ukabaki ulivyo. Kinachozuia ni seli za kuta za mishipa midogo, zilizobanana kiasi kwamba hata vitu vidogo vingi havipenyi katikati yake. Mishipa hiyo ukiiunga inafika takriban kilomita 600: utatoka Dodoma hadi Dar es Salaam na nyingine itabaki.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, kwa picha za MRI, waliona kizuizi hiki kikivuja zaidi kadiri umri unavyosogea, hasa kwenye hipokampasi, panapojengwa kumbukumbu mpya. Kwa walioanza kusahau, uvujaji ulizidi. Mwaka 2019 wakaongeza kwamba uvujaji huo upo hata kwa wasioonyesha dalili za protini za Alzaima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa upande huu, basi, paa ndilo linaloanza kuharibika.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Panya waliotengenezwa wawe na Alzaima walipopimwa, dawa za kingamwili, zenye molekuli kubwa, hazikupenya ubongoni mwao zaidi kuliko kwa panya wenye afya. Kisha mwaka 2020 kundi la Stanford likaonyesha kwamba mishipa ya panya wazee haipasuki, inabadili tabia. Milango inayochagua protini za kuingiza hupungua, na upitishaji usiochagua huongezeka. Ni mlinzi aliyechoka kukagua vitambulisho, wala si ukuta uliobomoka. Mimi hoja hii ndiyo iliyonifanya nilitilie shaka neno “kuvuja” lenyewe.

Tatizo jingine ni presha. Mtu wa miaka 70 aliyeishi na presha isiyopimwa miaka 15, utatenganishaje kilicholetwa na umri na kilicholetwa na presha? Presha huharibu mishipa hiyo hiyo. Ninaelemea kwa jirani wa tembe: umri upo, lakini tunautwisha mzigo usio wake wote.

Tazama Piriton, dawa ya zamani ya mzio. Vumbi la Dodoma likipamba moto, mzee anabanwa na mafua, ananunuliwa vidonge duka la dawa. Jioni anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake marehemu, nyumba nzima inanong'ona kwamba uzee umeingia. Dawa hiyo hupenya ubongoni kwa mtu wa umri wowote; loratadini, dawa ya mzio ya kizazi kipya, kwa sehemu kubwa husukumwa nje na pampu za kizuizi. Pampu hizo hudhoofika uzeeni. Ila figo na ini navyo hupunguza kasi, kwa hiyo hata hapa siwezi kulisukumia paa lawama zote. Mara nyingi vidonge vikiachwa, baada ya siku chache mjukuu anaitwa kwa jina lake.