Rock haifundishwi kama hesabu

Kifungua mimba wangu nilimharibia muziki wa rock mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Alikuwa na miaka 9 nikamkalisha chini nikamwekea albamu za bendi ya Led Zeppelin moja baada ya nyingine, tena kwa mpangilio wa miaka, huku naongea wimbo ukiendelea, sikia hilo gita, huyo kwenye ngoma ni John Bonham, alivyofariki 1980 bendi ndo ikavunjika, umeelewa? Halafu namuuliza maswali. Jamani. Ikafika mahali mtoto akisikia tu gita la umeme anakumbuka ana kazi chumbani kwake. Sasa ana miaka 16, rock hataki hata kuisikia na wala simlaumu.

Ndo maana nikikutana na wazazi wenzangu wanaolalamika eti watoto wa siku hizi hawajui muziki, wanasikiliza takataka, moyoni nasema huyo umeshampoteza. Ukimtukania mtoto muziki wake hawezi kuja kwenye wako, anavaa tu hedifoni yake basi. Halafu tuwe wakweli, we mwenyewe nani alikukalisha akakufundisha? Uliusikia mahali unapita, ukasimama.

Kwa mdogo wake sikufundisha kitu. Tulianza na kelele, maana rock kabla ya yote ni kelele, na mtoto wa miaka 4 kwenye kelele ni fundi. Bendi ya Queen wana wimbo We Will Rock You wa 1977, karibu wimbo mzima hauna ngoma wala besi, ni miguu na makofi tu, dum dum pa, gita linakuja kuingia mwishoni kabisa. Hiyo hakuna mtoto anashindwa. Tulikuwa tunaipiga sakafuni, mezani, kwenye masufuria, mpaka mama yake anatufukuza. Queen ni kina nani hakujua na sikumwambia, wa nini sasa? Aliingia kwenye rock kwa miguu yake mwenyewe.

Mahali nilipokuwa mkali ni sauti tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, mtoto 75, na mi ambaye masikio yananipigia mluzi kila usiku kwa ujinga wa ujana sina mjadala kwenye hilo.

Ila kilichommaliza kabisa ni hadithi. Za kulalia, ndio. Nikamwambia kuhusu bendi ya Deep Purple walivyofika Montreux, Uswisi, Desemba 1971 wakitaka kurekodi, ukumbi wa kasino ukashika moto katikati ya shoo ya Frank Zappa kisa mtu karusha fataki ndani, jamaa wakabaki wanaangalia moshi umetanda juu ya ziwa, na moshi huo huo ndo wakautungia wimbo. Akataka kuusikia palepale, usiku ule, hajalazimishwa na mtu.

Lakini anayoipenda kuliko zote ni ya Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath. Kijana wa miaka 17 kiwandani Birmingham, siku yake ya mwisho kazini, mashine inamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, na ni vya mkono ule ule anaobonyezea nyuzi. Gita angeacha, nani angemlaumu? Yeye akachukua chupa ya plastiki ya sabuni akaiyeyusha akajitengenezea vikofia vya vidole, akabandika na ngozi, baadaye akawa analegeza nyuzi zisimuumize, na ule mlio mzito unaotetemesha kifua umetokana kwa sehemu na hapo. Hii nimeihadithia sijui mara ngapi, nikiruka kipande ananirudisha.

Siwezi kuapa kwamba atabaki kwenye rock, akifika miaka 13 anaweza kuhamia kwingine kabisa na itabidi nikubali, kaka yake ameshanizoesha.

Juzi nimepita chumbani kwake (ana miaka 8 sasa) nikamkuta kitandani na gita langu la zamani kubwa kuliko yeye, kavaa vifuniko vya chupa kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kila akibonyeza nyuzi vinadondoka, anaviokota, anavirudisha. Mdomo ulishafunguka nimwambie mwanangu Iommi anapigia kushoto, vidole vilivyokatika ni vya mkono wa kulia. Nikaumeza. Nikarudishia mlango taratibu.