Unataka kujua ya nini?

Kila ninaporudi Kenya naandika jina langu hadi mkono unachoka. Ukifika mlangoni mwa jengo, mlinzi anakusogezea kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa ya kuingia. Safari iliyopita, mstari wa juu yangu ulikuwa wa mwanamke nisiyemjua, kila kitu chake kimeandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Ningeweza kunakili yote nikaenda zangu. Nilimuuliza mlinzi kitabu kikijaa hupelekwa wapi. Akasema, "Huko ndani."

Naishi Berlin mwaka wa tisa sasa, na sitawadanganya kwamba huku hatuchunguzwi. Ukihamia nyumba mpya Ujerumani una wiki mbili za kwenda kujiandikisha, serikali ijue unapolala. Kamera zimejaa stesheni, na simu yangu inanifuata vilevile. Ila watu wa huku wamezoea kuuliza wameandikwa nini.

Mazoea hayo yamewagharimu. Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, waliacha mafaili ambayo rafu zake zina urefu wa kilomita 111. Januari 1990 wananchi waliyavamia makao yao makuu hapa Berlin, kwa kuwa makaratasi yalikuwa yakiharibiwa, na tangu sheria ya 1991 mtu anaweza kuomba kusoma faili lake. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alilisoma lake. Aliniambia siku zote alikuwa akishuku kwamba anafuatwa. Kilichomuumiza ni kuona saa alizokuwa akitoka nyumbani zimeripotiwa na mtu aliyekuwa akila naye meza moja.

Nami nikajaribu. Niliiandikia kampuni yangu ya simu, kwa sheria ya Ulaya inayotumika tangu 2018, inayowapa mwezi mmoja wa kujibu. Walichelewa, nikawakumbusha, bahasha ikaja: anwani niliyohama zamani, malalamiko yangu yote, na neno la mfanyakazi mmoja kwamba mimi ni msumbufu. Niliwarekebishia anwani.

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani wengi wanadhani haki hii ni ya Wazungu. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha, cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kudai uonyeshwe wanachokijua kukuhusu, na kanuni za 2021 zinawapa siku saba tu. Siku saba! Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kuwa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya taifa, zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza hatari kwa data za watu. Kwa hiyo meno tunayo.

Dada yangu amekuwa akitumiwa ujumbe wa kudaiwa mkopo asiokopa. Aliyekopa kwa simu alikuwa na nambari yake kwenye simu hiyo, basi. Nilimsihi awaulize wakopeshaji wameipata wapi. Akapiga. Kijana aliyepokea akamjibu, "Unataka kujua ya nini?" Dada akakata simu kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Jumapili tuliandika barua pamoja, yeye huko, mimi huku, nusu ukurasa wa Kiswahili. Tarehe tumeiandika kwa herufi kubwa, na leo ni siku ya nne.