Mtoto wa bwana akishika kamera

Mwaka 1992 João Moreira Salles, mtoto wa mwenye benki aliyewahi pia kuwa balozi wa Brazil mjini Washington, alichukua kamera akaenda Leblon, Rio de Janeiro, kumrekodi mzee Santiago, Mwargentina aliyekuwa mtumishi mkuu katika nyumba ya wazazi wake. Kwa siku tano alimpanga mzee huyo alivyotaka, akamtaka arudie maneno, akamkatiza, akamharakisha. Kisha kazi ikamshinda kuikamilisha, mikanda ikalala zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo mzee akafariki. Filamu iliyotokana na mikanda hiyo ilitoka mwaka 2007 ikiwa na jina la mtumishi, Santiago, lakini habari yake kubwa ni kosa la mwongozaji mwenyewe. Alipoitazama upya mikanda ile, aligundua kwamba hakuwa amempiga mzee hata picha moja ya karibu, na kwamba mzee alipotaka kueleza jambo lililokuwa ndani kabisa ya moyo wake, kamera haikuwashwa. Siku zote tano, anakiri, yeye alibaki mtoto wa bwana na Santiago alibaki mtumishi.

Nimeitazama filamu hiyo mara tatu, na kila mara naondoka na imani ileile kwamba filamu za makala za Brazil hupata nguvu yake pale zinapokubali kuuonyesha umbali huo kati ya anayerekodi na anayerekodiwa, na hupwaya pale zinapojifanya kwamba haupo. Sababu yake iko katika historia ya nchi yenyewe. Brazil ilipokea karibu Waafrika milioni tano waliosafirishwa kama watumwa, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote ya Amerika, na ilikuwa ya mwisho katika bara hilo kufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Mpangilio wa majumba haukufutwa siku hiyo. Hadi vizazi vya karibuni kabisa, maghorofa ya tabaka la kati ya Rio na São Paulo yalijengwa yakiwa na chumba kidogo cha mtumishi nyuma ya jiko, na lifti mbili, moja ya wenye nyumba na nyingine ya mizigo na watumishi. Mwongozaji anayetoka katika nyumba kama hizo akienda kumhoji maskini, lifti zile mbili humfuata.

Gabriel Mascaro aliligusa jambo hili kwa ujanja mwaka 2012 katika filamu ya Doméstica. Aliwapa kamera vijana saba, kila mmoja akamrekodi kwa wiki moja mfanyakazi wa ndani wa nyumbani kwao, kisha yeye akazikusanya picha na kuzihariri. Nimelelewa na dada wa kazi, kama walivyolelewa watu wengi wa miji yetu, na nakiri kwamba sikuweza kuitazama kwa utulivu. Vijana wale wanawapenda wafanyakazi wao, hilo halina shaka, tena wanasema ni sehemu ya familia, neno ambalo sisi pia tunalijua vizuri sana. Lakini anayeuliza maswali ni mtoto wa mwajiri, na anayejibu anajua kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi chai itasubiriwa mezani, kwa hiyo mapenzi na amri vinakaa katika picha moja bila yeyote kuvitenganisha. Mwaka uliofuata, 2013, Brazil ilibadilisha katiba yake ili kuwapa wafanyakazi wa ndani haki nyingi ambazo wafanyakazi wengine walikuwa nazo zamani, ikiwemo kikomo cha saa za kazi. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyoleta badiliko hilo.

Bwana mkubwa wa kazi hii, kwa kipimo changu, alikuwa Eduardo Coutinho, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 80. Mwanzoni mwa 1964 alikwenda Pernambuco, kaskazini-mashariki, kutengeneza filamu ya kuigiza kuhusu João Pedro Teixeira, kiongozi wa chama cha wakulima wa Sapé, jimboni Paraíba, aliyeuawa kwa kupigwa risasi Aprili 1962. Wakulima wenyewe ndio waliokuwa waigizaji, na mjane wa marehemu, Elizabeth Teixeira, aliigiza nafasi yake mwenyewe. Jeshi lilipopindua serikali tarehe 1 Aprili 1964, askari walifika kwenye eneo la kazi wakachukua vifaa, baadhi ya watu wakakamatwa, na kilichonusurika ni mikanda ambayo tayari ilikuwa imepelekwa Rio kusafishwa. Coutinho alirudi miaka 17 baadaye, utawala wa kijeshi ukiwa umeanza kulegea. Aliwatafuta waigizaji wake mmoja mmoja akawaonyesha picha zile za zamani, na akamkuta Elizabeth katika mji mdogo wa Rio Grande do Norte, alikokuwa akiishi kwa jina la uongo, akifua nguo za watu na kufundisha watoto, akiwa na mmoja tu kati ya watoto wake kumi na mmoja. Filamu ikamalizika mwaka 1984 kwa jina la Cabra Marcado para Morrer.

Ninachokithamini humo zaidi ya kisa chenyewe, ambacho kingetosha kumliza mtu yeyote, ni jinsi Coutinho anavyojiacha aonekane. Tunamwona akifika na wenzake na vifaa vyao, tunasikia sauti yake iliyokwaruzwa na sigara, na tunaona Elizabeth akizungumza kwa hadhari siku ya kwanza, mwanawe mkubwa akiwa kando akitaka amshukuru rais aliyelegeza hali ya siasa. Ni mpaka dakika za kuagana, gari likiwa karibu kuondoka, ndipo mama yule anapoanza kusema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwanasiasa aliyenyamazishwa, kwamba mapambano hayawezi kukoma maadamu kuna njaa na ujira wa kudhalilisha. Mwongozaji mwenye haraka angekuwa ameshakunja vifaa.

Tabia hiyo ya kutoficha namna kazi inavyofanyika aliishika hadi mwisho. Katika Santo Forte ya mwaka 1999, inayohusu imani za watu wa mtaa mmoja wa mabanda huko Rio, ambapo Ukatoliki, Upentekoste na umbanda, dini ya Brazil yenye mizizi ya Kiafrika, hukutana ndani ya mtu mmoja, tunaona hata fedha zikikabidhiwa kwa waliohojiwa. Watayarishaji wengi hulificha jambo hilo kama aibu. Katika Edifício Master ya mwaka 2002 alipanga chumba ndani ya jengo moja la ghorofa 12 lenye nyumba 276, hatua chache kutoka ufuko wa Copacabana, akawarekodi wakazi wake kwa wiki moja: mstaafu anayeimba wimbo wa Frank Sinatra huku machozi yakimlenga, na msichana mwenye woga asiyethubutu kumtazama machoni anayemhoji. Hakuna bunduki wala mwanasiasa. Kuna watu wa kawaida waliopata bahati ya kusikilizwa bila kuharakishwa, na naona tunaijua Brazil zaidi humo kuliko katika makala kumi za televisheni kuhusu magenge ya dawa za kulevya.

Wengi watanitajia Ônibus 174 ya José Padilha, iliyotoka mwaka huohuo, na sitabisha kwamba ni kazi nzito. Inasimulia utekaji wa basi mjini Rio tarehe 12 Juni 2000, uliorushwa moja kwa moja na televisheni na kuishia kwa vifo vya mwalimu kijana aliyekuwa mateka na vya mtekaji mwenyewe, Sandro do Nascimento, ambaye utotoni alikuwa amenusurika mauaji ya watoto wa mitaani nje ya kanisa la Candelária mwaka 1993. Padilha alimrudishia Sandro historia yake, na hilo ni jema. Hata hivyo filamu inategemea mno picha za siku ile, na mara kwa mara nilijikuta nikisubiri risasi ilie kama waliosubiri mbele ya televisheni zao.

Liko swali ambalo hata Coutinho hakuweza kulimaliza, nalo ni la nani anaruhusiwa kuishika kamera. Zózimo Bulbul, mwigizaji mweusi aliyechoka kupewa nafasi alizochaguliwa na wengine, alilijibu kwa vitendo mwaka 1988, wakati taifa likiadhimisha miaka mia moja ya kufutwa kwa utumwa, kwa kutengeneza Abolição, filamu ya saa mbili na nusu inayowauliza Wabrazil weusi wenyewe kama kweli kuna cha kusherehekea. Mwaka uliofuata Raquel Gerber alitoa Ôrí, ambayo uti wake ni sauti ya mwanahistoria Beatriz Nascimento akitafakari maana ya quilombo, makazi ya watumwa waliotoroka, neno lililovuka bahari kutoka Kimbundu cha Angola na ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja kuwa la ukoo.

Jibu lililonigusa zaidi lilitoka kwa Wanambikwara, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Brazil. Katikati ya miaka ya 1980 Vincent Carelli, mwanzilishi wa mradi wa Vídeo nas Aldeias, yaani Video Vijijini, alirekodi sherehe yao ya kumtoa mwali ndani, kisha akawawashia televisheni wajitazame. Hawakufurahi. Walijiona wamevaa nguo nyingi za kizungu, wakasema sherehe haikufanywa inavyostahili, wakamtaka Carelli arekodi nyingine, safari hii wakiwa wamejipamba na kujipaka rangi kama wazee wao. Walipoitazama hiyo ya pili ari ikawapanda, na papo hapo, mbele ya kamera, wakaamua kuwatoboa vijana wao pua na mdomo, mila waliyokuwa wameiacha kwa karibu miaka ishirini. Carelli hakuwa ameiomba wala kuipanga. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuhakikisha betri haiishi.